Ini la Mwenye Bucha

Kama wiki hii umeambiwa kwamba ndani ya ini lako kuna mfuko wa maji, na umerudi nyumbani miguu huisikii, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi nilikuwa na mfuko wa namna hiyo, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na leo asubuhi nimekula chapati tatu na supu. Shika hilo kwanza. Mengine nitakueleza yalivyonitokea.

Naitwa Jumanne. Hapa Babati mjini wengi wananiita Baba Zuhura, mwenye bucha upande wa Nangara. Kisu nilikishika kabla sijaota ndevu. Mbali na bucha, watu huniita majumbani kwao, Singe na Bonga, nikawachinjie mbuzi na kondoo wa harusi, wa akika, wa Idi. Kwa hiyo maini nimeyashika mengi. Na katika maini hayo, hasa ya kondoo, mara kwa mara nilikuta vifuko vyeupe vyenye maji, kama mayai yasiyo na ganda. Sikujua ni nini. Nilikata ile sehemu mbaya nikaitupa nyuma ya nyumba, ambako mbwa walikuwa wameshakaa wananisubiri. Nilijiona nawapa riziki.

Msimu wa kuvuna mbaazi akaja buchani mwanamke mmoja amevaa buti za shambani, amebeba deli la bluu kama muuza barafu. Akasalimia, akasema anaitwa Daktari Ndeshi, ni mtafiti, na kazi yake ni magonjwa ya tumbo, ya ini na yale ya kuambukiza. Alikuwa anaomba maini.

"Kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Sitaki mazuri, kaka. Nataka yale unayoyatupa."

Wateja walicheka mpaka mmoja akaangusha mfuko wake. Lakini yule mama hakuwa anatania. Tangu siku hiyo nilimwekea maini mabovu kwenye ndoo yenye mfuniko, na kila Alhamisi alikuja kuyachukua. Vijana wa mtaani wakambatiza jina la Mama Maini, naye akalipokea bila kununa. Ndiye aliyenieleza kwamba vile vifuko ni watoto wa mnyoo mdogo sana anayeishi tumboni mwa mbwa. Mbwa anakula ini bovu likiwa bichi, anapata mnyoo, anajisaidia majanini, na mayai yake yanaingia kwa kondoo anayekula majani hayo. Au kwa mtu asiyenawa mikono, anayekunywa maji machafu au kula mboga zisizooshwa.

"Kwa mtu?" nikauliza.

"Kwa mtu, Baba Zuhura. Anakaa nao miaka na miaka bila kujua."

Nilimwonea huruma sana huyo mtu.

Sasa niseme na hali yangu ya wakati ule. Kwa kama miaka miwili nilikuwa nasikia uzito chini ya mbavu za kulia, kama nimebeba jiwe ndani ya shati. Nilikula matonge mawili nikashiba. Mkanda wa suruali niliufunga juu zaidi kila mwezi. Mimi niliita vidonda vya tumbo, nikawa nanunua vidonge vya gesi kwenye duka la dawa. Mke wangu Mwanaidi aliita kitambi. Alisema mwenye bucha asiyekuwa na kitambi nani atanunua nyama yake.

Mvua zilipoanza, Daktari Ndeshi alileta mashine ya ultrasaundi mnadani, siku ya soko la mifugo. Alifunga turubai, akaweka meza na kitanda chembamba, akatangaza kwamba anapima maini bure. Wafugaji walikuwa wengi, waliotoka Simanjiro na Kiteto na mifugo yao, ila walisimama mbali, wameegemea fimbo, wanaitazama ile mashine kama ndama anavyotazama birika la bati. Saa nzima hakuna aliyelala.

Mimi nilikuwa nimekwenda kununua kondoo. Nilimwona amesimama peke yake, jeli mkononi, nikaona aibu kwa niaba ya mji. Nikapaza sauti: "Jamani, mimi ni mchinjaji. Kama kuna kisu hapa ningekijua. Nalala wa kwanza!"

Nikavua shati. Jeli ilikuwa baridi ajabu. "Angalia vizuri, Daktari," nikasema, "akiwa wa kike nitamwita Ndeshi."

Watu wakaangua kicheko, na yeye pia akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akarudisha kile kidude cha kupimia pale pale chini ya mbavu, mara ya pili, mara ya tatu. Akanyoosha mkono akashusha upande mmoja wa turubai.

"Baba Zuhura, tangu lini unasikia uzito hapa?"

Nilikuwa nimegeuza shingo naangalia kioo. Palikuwa na kitu cheusi, cha mviringo, kimezungukwa na ukuta mweupe, na ndani yake vifuko vingine vidogo. Nimevipasua vingi kwa kisu changu. Nilikitambua kabla hajasema.

"Ni ule ule," nikasema.

"Ni ule ule," akajibu polepole. "Ulikuwa na mbwa utotoni?"

Nikamwambia nilichunga mbuzi wa babu yangu Kiteto tangu nina miaka sita. Mbwa wetu tulikula nao, tulicheza nao, walituramba uso. Akasema basi pengine ninao tangu huko, unakua taratibu, mwaka hata mwaka.

"Kwa hiyo niko nao tangu kabla ya kuoa," nikasema. "Usimwambie mke wangu kuna aliyemtangulia."

Nilitania kwa sababu mdomo ulikuwa umekauka na sikujua kitu kingine cha kufanya nao. Nilipotoka nje ya turubai, uso wangu ulikuwa umebadilika na wafugaji waliuona. Badala ya kukimbia, wakapanga foleni. Waliona mashine ile inasema kweli.

Nyumbani nilimweleza Mwanaidi. Hakulia. Alikwenda kukoroga chai, akatia chumvi mahali pa sukari, na sote wawili tukainywa mpaka ikaisha.

Tatizo halikuwa Mwanaidi. Lilikuwa mama yangu, Bi Salma, tunayeishi naye. Daktari alinionya mambo matatu: nisipande bodaboda kwenye barabara za mashimo, nisibebe paja la ng'ombe, na nisikubali mtu yeyote anikande tumbo, maana ule mfuko ukipasukia ndani unaweza kuniua pale pale. Mama alisikia la tatu akalichukulia kama tusi.

"Tumbo hilo nimelikanda tangu uko mchanga," akasema. "Leo mtu wa mashine ananikataza?"

Alasiri moja Mwanaidi akiwa buchani, mama alikuja na bibi mmoja mkandaji, mafuta ya kondoo yakiwa kwenye kopo. Nakwambia ukweli, na hili linaniaibisha mpaka leo: sikuweza kukataa. Mwanamume wa miaka arobaini na nane, mwenye kisu, nililala juu ya mkeka nikapandisha shati kwa sababu mama amesema. Yule bibi alikuwa ameshapaka mafuta viganjani pale Mwanaidi aliporudi kuchukua panga la mifupa.

Alisimama mlangoni. Hakupiga kelele.

"Mama," akasema, "ukimkanda, mimi natoka nyumba hii na watoto wangu."

Mkandaji akafunika kopo lake, akaaga. Mama akaingia chumbani. Kuanzia saa hiyo hakumsemesha Mwanaidi kwa wiki tatu. Chumvi ikihitajika, alimwambia Zuhura, binti yetu wa kidato cha pili, ambaye alikaa katikati ya wanawake wawili akipeleka maneno kama posta. Mimi nilikuwa nimeanza vidonge alivyoniandikia Daktari, vya kuudhoofisha mfuko kabla haujatolewa, naumwa kichwa, na kila nikikaa sebuleni nilisikia ule ukimya umekaa nami.

Wiki ya tatu Daktari Ndeshi alikuja nyumbani na mashine ndogo ya kubeba begani. Akampa mama shikamoo yake, akaketi chini kabisa, akaeleza kwamba anaomba kupima familia nzima, maana sote tunaishi na kula pamoja. Mwanaidi akapimwa, mzima. Zuhura na mdogo wake Rehema, wazima. Mama akakataa. Kisha akajinyoosha kwenye kochi.

"Nipimeni," akasema, "mwone ini la mtu asiyemeza vidonge."

Daktari alipima. Akatabasamu.

"Bibi, na wewe ulikuwa nao."

"Mimi?"

"Wewe. Lakini wako umekufa wenyewe, siku nyingi. Umekauka, umekuwa mgumu kama chokaa. Hauhitaji dawa wala kisu. Tutakuwa tunauangalia tu."

Mama akaketi, akajishika ubavu. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba aliwahi kuusikia uzito huo, nilipokuwa tumboni, na kila mtu akamwambia ni mimi. Akajifunika kanga yake vizuri, akageuka upande wa jikoni.

"Mama Zuhura," akaita, "chai ipo?"

"Ipo, mama," Mwanaidi akajibu, na nilisikia kikombe kinagonga sufuria. Tangu siku hiyo mama hutangaza kwa majirani kwamba mimi nilihitaji hospitali, yeye wake aliumaliza mwenyewe.

Kuhusu vidonge, nikupe lililonifurahisha. Wagonjwa wote ninaowajua huambiwa waache mafuta. Mimi niliambiwa nivimeze pamoja na chakula chenye mafuta, ndipo dawa iingie vizuri mwilini. Mwenye bucha anaambiwa hivyo! Nilitaka wanipe kwa maandishi. Nilimeza mwezi mmoja, nikapumzika wiki mbili, nikaanza tena. Raundi ya kwanza mahindi yalikuwa yanapaliliwa. Ya pili yalikuwa yamefika kifuani. Ya tatu yalianza kutoa mbelewele, na mimi nikaanza kupukutisha nywele. Zilibaki kwenye mto, kwenye kofia, kwenye sabuni. Rehema alizikusanya akaniuliza kama tuzipande.

Kila raundi nilikwenda kutolewa damu, waone ini linaihimili dawa. Hapo ndipo nilipojifunza benchi. Benchi la hospitali lina watu wake. Kuna anayejua foleni yote kwa majina. Kuna anayesimulia ugonjwa wake mpaka unamwonea wivu. Kuna mama mmoja wa Bonga aliyekuja na chupa ya uji na vikombe vinne, akisema hajawahi kumaliza peke yake. Nami nikaanza kwenda na vipande vya nyama choma kwenye karatasi. Ukiambiwa usubiri, beba kitu cha kumpa mwenzako. Saa zinakwenda.

Mjini maneno yalienea. Wengine walisema ini langu limeozeshwa na nyama yangu mwenyewe. Wateja wakapungua, wakawa wanapita mbele ya bucha wakiangalia upande wa pili wa barabara kana kwamba kuna harusi. Hilo liliniuma kuliko sindano. Nilifikiri kufunga.

Jumamosi moja, saa za watu wengi, Daktari Ndeshi akaja bila deli lake. Akapanga foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika akasema kwa sauti ya kufundishia darasa: "Mama Zuhura, nipimie maini kilo moja. Ya kula."

Mwanamke mmoja akamuuliza, "Daktari, huogopi?"

"Ningeogopa kucheza na mbwa aliyelishwa ini bichi, halafu nile bila kunawa," akajibu. "Ugonjwa huu hautoki kwa Baba Zuhura kwenda kwako. Wala haupatikani kwa kula maini haya. Mimi leo nayakaanga na vitunguu."

Nilimfuata nje kumshukuru. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, yeye kazi yake si kuandika utafiti? Akasema kwa miaka mingi amekuwa akikaa hospitali kubwa, akiwapokea watu wa malishoni wakiwa wamechelewa, na kila mmoja alikuwa na nyumba, na mbwa, na watoto wengine nyuma yake. "Nikachoka kuwasubiri mwisho wa njia," akasema. "Nikaamua kuja ilikoanzia."

Wakati wa baridi kali, ukungu ukiwa umekaa juu ya mlima Kwaraa mpaka saa nne, nilipelekwa hospitali ya rufaa, mkoa mwingine, kufanyiwa upasuaji. Mwanaidi na mama walinisindikiza. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mfugaji wa Simanjiro, mrefu mpaka miguu inatoka nje ya shuka. Jina lake Lemburis. Alinitazama siku nzima, jioni akasema:

"Wewe ndiye uliyelala kwenye kile kitanda pale mnadani."

"Ndimi."

"Mimi nilikuwa wa pili. Na wangu ukaonekana."

"Unanilaumu?"

Akafikiri. "Hapana. Nililala kwa sababu ulicheka. Ila ulipotoka ulikuwa huna uso wa kucheka, na mimi nilishavua shuka."

Tulicheka mpaka nesi akaja kutuambia tutachoka kabla ya kisu. Kumbuka, tulikuwa tunaogopa. Daktari wa upasuaji alikuwa amenieleza yote, pamoja na yale yasiyopendeza, nami nikaweka sahihi. Asubuhi ya siku yangu, Lemburis aliniwekea mkono kichwani akasema maneno ya kwao. Nilisoma dua yangu. Niliposukumwa kwenye korido, niliwaona Mwanaidi na mama kwenye benchi wamejifunika kanga moja kwa sababu ya baridi. Baada ya hapo wakanipa nusu kaputi, na sikumbuki kitu.

Niliamka na kiu, mpira umetoka ubavuni unaingia kwenye mfuko, na kidonda kirefu kinachofuata mbavu. Kucheka kuliniuma, kukohoa kuliniuma zaidi. Siku ya tatu nesi alinisimamisha nikatembea hatua nne na kurudi. Nimetembea nyuma ya ng'ombe kutoka Kiteto, lakini hatua nne zile ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kupiga. Lemburis, aliyekuwa bado hajapasuliwa, alizihesabu kwa sauti.

Daktari Ndeshi alipita wodini kuchukua kile kilichotolewa, akakipeleke maabara. Niliomba nikione. Alikuwa nacho kwenye chombo cha kioo: ngozi nyeupe, laini, inayong'aa. Nilikiangalia muda mrefu. Niliwaza kondoo wote niliowapasua, na mbwa wote niliowalisha, na watoto waliowashika mbwa wale. Nikamwambia sitaki kuwa mtu wa ndoo tu. Anitumie.

Basi akanitumia. Nilipopata nguvu ya kusimama, nikawa naongozana naye kwa wachinjaji wenzangu. Sasa hivi sichinji nyumbani kwa mtu mpaka kuwe na shimo la kuzikia maini mabovu, linalofika kiunoni, na mawe ya kufunikia. Mzee mmoja wa Singe alilalamika: "Tumekuita kuchinja, Jumanne, siyo kuzika." Nikapandisha shati, nikamwonyesha kovu. Akaenda mwenyewe kuchukua jembe. Mbwa wa pale walikaa wananiangalia kwa masikitiko makubwa, na sikuwalaumu. Lemburis naye aliniambia kwa simu kwamba amepona, na kwamba sasa huwapa mbwa wake wote dawa ya minyoo, akimbana kila mmoja katikati ya magoti. Wakiliona kopo la dawa, wanahama boma.

Muda wote huo bucha aliiendesha Mwanaidi. Alipaka rangi. Aliweka pazia la kuzuia nzi. Akinamama waliopungua walirudi na wengine zaidi, maana yeye anajua nyama ya mchemsho ni ipi na ya kukaanga ni ipi, wakati mimi nilikuwa nakata tu. Nilikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki kama mgeni. Kuna siku nilinuna, nikasema nimekuwa pambo. Akaniambia pambo halinuni, akanipa karanga nimenye.

Mbaazi zilipokauka tena shambani, nilikwenda kupimwa. Raundi nyingine za vidonge nilizopewa baada ya upasuaji nilikuwa nimezimaliza na nywele zilianza kurudi, nyeusi kuliko zamani. Daktari Ndeshi alipitisha mashine. Nilikuwa naangalia dari.

"Angalia kioo, Baba Zuhura," akasema.

Nikaangalia. Sikuona kitu.

"Ndiyo hivyo. Pale palipokuwa na mfuko, ini limeota likajaza."

"Limeota?"

"Ini linaota tena. Hukujua?"

Maisha yangu yote nimeyakata, nimeyapima, nimeyafunga kwenye gazeti na kwenye mfuko, na sikujua. Nilimwomba arudie. Akarudia. Niliteremka kitandani nikavaa shati, nikasahau kufuta jeli, nikatoka mbio kwa miguu mpaka buchani, na huku nikitweta nikamweleza Mwanaidi mbele ya wateja wote kwamba ini limeota, limejaa, Daktari ameniruhusu kubeba chochote.

Alikuwa anakata mbavu. Aliweka panga chini, akafuta mikono kwenye aproni, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuoane. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaniachia, akajifuta, akachukua panga lake. "Basi kesho alfajiri wewe ndiye utakayekwenda kuchukua nyama machinjioni. Mimi nimechoka kuamka. Lakini mizani, Baba Zuhura, mizani inabaki kwangu."